Upawa wa Mama Nyamizi

Wajukuu zangu, ninyi mnaosomea kuwafundisha watoto mazungumzo, kwanza kaeni chini. Msinisimamie mlangoni kama watu wa kupima viwanja. Mkeka upo, maji yapo mtungini, na mimi nikianza kusema sinyamazi upesi.

Siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita mwenzenu mmoja, Rehema, alinijia hapa mtaani Chemchem na begi limejaa kadi za picha. Picha ya kikombe, picha ya choo, picha ya mtoto analia. Kadi nzuri, sina ugomvi nazo. Akasema, "Shikamoo, Bibi. Nimeambiwa zamani ulikuwa unatibu watoto wenye usonji." Nikamwambia marahaba, lakini kutibu mimi sijatibu mtu. Nilikuwa mlezi wa chekechea pale mtaa wa Kanyenye, miaka ile ya Ujamaa, na hilo neno usonji nimelisikia nimeshastaafu, meno mawili yameshanitoka. Sisi tulikuwa na watoto wasiosema, basi. Wengine tuliwaita mabubu, wengine tuliwaita watundu, na wengine, Mungu atusamehe, tuliwapa majina ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu.

Rehema alitaka mbinu. Vijana wa siku hizi mnapenda mbinu, tena ziwe tano na ziandikwe kwa namba. Mimi ninayo moja tu, na wala si yangu. Ni ya mpishi wa uji.

Chekechea yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu, ghala la zamani la wafanyabiashara wa misafara, lenye mlango wa misumari ya shaba mzito hivi kwamba kila asubuhi tuliusukuma watu wawili. Ndani watoto arobaini, mikeka sita, ubao mmoja, na mimi mwenyewe, Mwalimu Siwema, binti wa miaka ishirini na nne niliyetoka kwenye mafunzo ya wiki sita nikijiona nimemaliza elimu yote ya duniani. Tulifundishwa kupanga watoto mistari. Mwalimu anauliza, "Hii ni nini?" Watoto wanajibu, "Hiyo ni meza." Nilikuwa na kijiti cha kuonyeshea ubaoni, na nilikipenda kijiti kile kuliko ninavyoweza kuwaeleza.

Nje, uani, ndiko alikokaa Mama Nyamizi na mafiga yake. Huyu alikuwa mama wa makamo kutoka Nzega, ametoka kwenye ng'ombe na mtama, amekuja mjini kumfuata mumewe aliyekuwa akirina asali msituni. Kiswahili chake kilikuwa na mlio wa Kinyamwezi, na kila asubuhi alinisalimu "Mwangaluka" hata baada ya mimi kumwambia kwamba hapa ni mjini. Sukari ilikuwa ya foleni siku zile, mara ipo mara haipo, lakini uji wetu haukukosa utamu hata siku moja kwa sababu ya kibuyu chake cha asali. Kazi yake ilikuwa kupika na kugawa. Ya kufundisha ilikuwa yangu, na nilihakikisha anajua hivyo.

Basi siku moja Fundi Hamisi, fundi cherehani wa barazani mtaa wa pili, alikuja na mkewe na mtoto wao Zena. Zena alikuwa na miaka sita. Mtoto mzuri, macho makubwa, nywele zimesukwa vizuri, na hasemi. Hakutazami. Ukimwita hageuki, lakini mfuniko wa sufuria ukianguka nyumba ya tatu anausikia. Alipoingia tu akaupita mkeka wangu, akawapita watoto wote arobaini, akaenda moja kwa moja uani, akachukua mfuniko wa Mama Nyamizi, akausimamisha kwa ukingo na kuuzungusha. Ulipolala akauzungusha tena. Akafanya hivyo mpaka saa ya kwenda nyumbani. Watoto wenzake walipoimba, aliziba masikio.

Wazazi wake walishahangaika vya kutosha. Walimpeleka hospitali, wakaambiwa masikio mazima. Walimpeleka kwa shehe, akanywa kombe, yale maji ya aya. Bibi mmoja akasema ulimi umefungwa, akataka kuukata kwa wembe, na mama mtu akakimbia na mwanawe mgongoni. Sasa limekuja la shule. Serikali ilikuwa imesema kila mtoto aandikishwe darasa la kwanza, na watu waliitikia kweli, shule zilijaa mpaka madirishani. Lakini mtoto alipimwa: apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili, halafu ataje jina lake mbele ya mwalimu mkuu. Asiyetaja jina alirudishwa nyumbani.

Na Fundi Hamisi alikuwa na dada yake huko Usoke, Shangazi Maua, mjane, mwenye shamba la tumbaku na nyumba yenye ua mkubwa. Shangazi alishasema: kama shule hawamtaki, mleteni kwangu. Hakusema kwa ubaya, tafadhalini mnielewe. Lakini yeye hushinda shambani tangu alfajiri, na ua ule una komeo kwa nje. Mama Zena alinishika mkono siku ile ya kwanza, tukiwa tumesimama nyuma ya mlango wa misumari, akaniambia, "Mwalimu, mwanangu akienda Usoke atazeekea ndani ya ua. Sitamwona tena ila kwa treni. Nisaidie aseme jina lake."

Mimi nikavimba kichwa. Nikamwambia, "Niachie mimi, Mama Zena. Miezi minane iliyobaki inatosha. Atasema jina lake, la baba yake na la mwenyekiti wa mtaa."

Msinicheke. Au nichekeni tu, maana bado hamjasikia.

Nilianza na ndizi. Zena alipenda ndizi kupita kiasi. Nikamkalisha peke yake pembeni, nikaishika ndizi juu, nikasema, "Sema ndizi." Kimya. "Sema ndizi, Zena. Sema ndizi!" Anaruka kuishika, mimi naficha mgongoni. Analia, nami nakaza. Kila siku hivyo, nusu saa, baada ya watoto wengine kwenda kucheza. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikawa akiniona mimi naingia, yeye anatoka. Jasho lilinitoka kuliko anayelima kwa jembe la mkono.

Mwezi wa pili, siku moja ya Jumatano, nimemaliza kusema mara ya ishirini, Zena akanitazama puani, si machoni, akasema waziwazi kwa sauti yangu mimi, na lafudhi yangu, na ukali wangu: "Sema ndizi!"

Loh! Nilikasirika. Nikamwambia, "Si 'sema ndizi'! Sema 'ndizi'!" Naye akajibu, "Sema ndizi!" Mimi, "Hapana!" Yeye, "Sema ndizi!" Tukawa tunabishana pale, mwalimu na mwanafunzi, mpaka nikaona kivuli mlangoni. Mama Nyamizi amesimama na upawa mkononi, anacheka mpaka khanga inamdondoka.

"Mwalimu," akasema, "mtoto amekuomba ndizi. Wataka akuandikie na barua?"

"Hajasema vizuri, Mama."

"Amekuomba. Mpe!"

Sikumpa. Nawaambia kweli, kwa aibu: mtoto asiyesema kwa miaka sita amefungua mdomo kuniomba kitu, nami nikamnyima kwa sababu hakuniomba kwa namna niliyotaka mimi. Mama Nyamizi akaingia, akanipokonya ile ndizi mgongoni, akamenya, akampa. Zena akala. Na tangu siku hiyo kila akitaka kitu alisema "sema ndizi." Maji, sema ndizi. Kwenda chooni, sema ndizi. Siku mwenyekiti wa mtaa alipokuja kututembelea na kofia yake mpya, Zena alimwendea, akainyooshea kidole ile kofia, akasema kwa amri, "Sema ndizi!" Mwenyekiti, mtu mtii, akasema, "Ndizi." Watoto walicheka wiki nzima, na mimi nilitamani sakafu ipasuke niingie.

Jioni ya siku ile ya ndizi, tukikwangua masufuria, nilimwuliza Mama Nyamizi kwa hasira yeye angefanyaje. Akamaliza kwanza sufuria aliyokuwa nayo. Yeye alikuwa hivyo, ukimwuliza jambo alilimaliza kwanza moyoni.

"Kwetu Nzega," akasema, "mgeni akifika hatumwulizi. Tunampa kigoda. Tunampa maji. Tunakaa naye. Kama anatazama ng'ombe, tunatazama ng'ombe pamoja naye. Akiwa tayari, atasema mwenyewe kilichomleta. Ukimwuliza kabla hajakaa, umemfukuza. Mtoto huyu ni mgeni, Mwalimu. Tangu aje, wewe hujampa kigoda, ni maswali tu."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi siku hizo. Nikachukua sufuria nyingine nikakwangua.

Kesho yake nikawaacha watoto wakicheza nusu saa, nikaenda kukaa uani kumtazama mpishi. Nikaona nilichokuwa napita mbele yake kila siku bila kukiona.

Kwanza, mfuniko. Zena akiuzungusha, Mama Nyamizi hakumnyang'anya. Alikuwa na mfuniko wake mwingine. Alichuchumaa karibu yake, upande kidogo, si usoni, akazungusha na wa kwake. Akasema taratibu, "Unazunguka, unazunguka, unazunguka... umelala." Basi. Hakuuliza "hii ni nini." Wakazungusha tena. "Unazunguka, unazunguka... umelala." Siku ya nne au ya tano, mfuniko ukazunguka, Mama Nyamizi akasema, "Unazunguka, unazunguka..." akakatiza hapo. Akamtazama mtoto, nyusi juu, kama mtu anayesubiri hadithi. Nilifungua mdomo kusaidia, naye bila kugeuka akanipiga paja kwa mkono wa kushoto. Tukangoja. Nzi wanapita. Halafu Zena akasema, kwa sauti ndogo ya kwake mwenyewe, si ya kwangu: "Umelala."

Nililia. Kwa nini nifiche? Nililia kwa furaha mpaka moshi ukasingiziwa.

Pili, uji. Hapa sikilizeni vizuri, maana ndiko hadithi inakokwenda. Mama Nyamizi macho yake yalishaharibika kwa moshi wa miaka mingi. Wakati wa kugawa, moshi umetanda, watoto wamejipanga na vikombe vyao vya bati, yeye hawaoni nyuso. Kwa hiyo aliinua upawa uliojaa, akausimamisha juu ya kikombe, akauliza, "Nani bado?" Mtoto anajibu, "Bado mimi!" Anauliza, "Mimi nani?" Mtoto anataja jina lake, na uji unamwagwa. Haukuwa mchezo. Alikuwa hajui kweli ni nani, na alihitaji kujua, kwa sababu wako waliokuwa wakirudi mara mbili. Nawajua hata leo, mmoja amekuwa diwani.

Kwa Zena upawa ule ulisimama sawasawa na kwa wengine. Mwanzoni Mama Nyamizi alingoja, mtoto akasukuma kikombe, mama akasema, "Ah, bado Zena," akamwagia. Alikubali kule kusukuma. Baadaye akakubali sauti tu. Baadaye akangoja zaidi kidogo. Mkono wake ulikuwa na subira ya ajabu, upawa hewani, asali inanukia, mtoto anautazama uji na uji unamtazama. Na siku ilipotoka "bado," hakupiga vigelegele wala hakumwita mtu. Alimwaga uji. Nikamwuliza mbona hakumsifu. Akasema, "Ameomba uji, amepata uji. Sifa atainywea wapi?"

Basi nikakiweka kijiti changu juu ya kabati. Nikajifunza upya kazi. Nikajifunza kungoja, na kungoja ni kazi ngumu kwa mtu mwenye mdomo kama wangu. Nilikuwa nahesabu vidole vya miguu yangu kumi, kutoka dole gumba la kulia mpaka la kushoto, ndipo nifungue mdomo. Nikajifunza kukaa chini mpaka jicho langu liwe sawa na la mtoto. Nikajifunza kuacha kitu kidogo kisikamilike: nimpe kikombe bila uji, kiatu kimoja bila cha pili, nishike mlango nisifungue kitasa, nimwachie yeye nafasi ya kuniambia. Lakini nafasi ya kweli, si mtego. Watoto hawa wanaujua mtego kuliko ninyi mnavyoujua.

Nikaenda na kwa Fundi Hamisi barazani. Zena alikuwa akishinda chini ya cherehani kutazama gurudumu. Akitaka lizunguke alimshika baba yake mkono na kuupeleka kwenye gurudumu, kama unavyoshika koleo. Nikamwambia, "Fundi, akikushika mkono, simama. Mtazame. Ngoja."

"Mwalimu, nina suruali ya mtu hapa."

"Suruali itangoja."

Mwenye suruali alikuwepo, amekaa kwenye benchi na shuka kiunoni, akasema, "Itangoja mpaka lini?" Lakini Fundi akasimamisha mguu. Gurudumu likatulia. Zena akavuta mkono, mkono haukwenda. Akamtazama baba yake. Fundi akaniambia baadaye kwamba hajawahi kuyaona macho ya mwanawe yakimtazama yeye, tangu azaliwe. Akangoja, maskini. Na Zena akasema, "Unazunguka."

Fundi Hamisi akakanyaga cherehani ile kama anayekimbiza treni. Alishona, analia, anashona, anacheka, na alipomaliza tukakuta ameufunga mguu mmoja wa suruali kabisa chini, hautoki mguu wala kidole. Mwenye suruali akaitazama, akamtazama Zena, akasema, "Haya, tena. Mwambie aseme tena, huo mwingine nao ufungwe." Tulicheka mpaka majirani wakaja.

Sasa mtadhani nilikuwa nimeshapona ujinga. Wapi! Miezi ilipokwisha, zikabaki wiki mbili kabla ya uandikishaji, hofu ikanirudia. Shangazi Maua ameshaandika kwamba atakuja siku hiyohiyo ya kuandikishwa, arudi na mtoto kwa treni ya jioni kama hakuandikishwa. Mama Zena amekonda. Nami nikakishusha kijiti kabatini. Nikamkalisha Zena mkekani, "Jina lako nani? Sema Zena Hamisi." Mama Nyamizi alipita, akatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Siku ya kumi Zena alikuwa anajibu. "Jina lako nani?" "Zena Hamisi." Safi kabisa. Nikamwendea Mama Zena, nikamwambia apike pilau.

Siku yenyewe tulikwenda shule ya msingi asubuhi, mimi, Zena na kikombe chake cha bati asichokubali kukiacha, baba, mama, na Shangazi Maua aliyeshuka kwenye treni na kapu tupu la nguo za mtoto. Mwalimu mkuu alikuwa ameweka meza kwenye veranda, na mbele yake wazazi na watoto wamejaa uwanja. Mtu mkubwa, miwani minene, kalamu ya wino. Zamu yetu ikafika. Mkono juu ya kichwa: Zena alinitazama mimi nikifanya, akafanya, sikio akalishika. Nikapumua.

"Jina lako nani?" akauliza mwalimu mkuu.

Zena akajibu, kwa sauti nzito kama ya yule mzee, "Jina lako nani?"

Watoto wakaangua kicheko. Zena akaziba masikio. Mwalimu mkuu akauliza tena, akajibiwa vilevile. Mimi nikaingilia, "Zena, sema! Sema Zena Hamisi!" Na Zena, huku amefumba macho, akapiga kelele, "Sema ndizi!"

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, simlaumu. Akavua miwani, akasema, "Mama mzazi, huyu bado. Mwakani mjaribu." Tukakaa pembeni ya veranda. Mama Zena hakulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alianza kukunja khanga ya Zena na kuitia kwenye lile kapu. Fundi Hamisi aligeukia ukuta. Shangazi naye, namkumbuka, alikuwa akimpangusa Zena pua kwa pindo la khanga yake, kwa upole, bila kumtazama mama mtu.

Na mimi pale ndipo nilipoelewa, nimechelewa, kosa langu lilikuwa nini. Mkekani nilikuwa namwuliza jina lake huku nalijua. Zena alijua kwamba nalijua. Sasa aniambie ya nini? Nilimfundisha kunijibu mimi, pembeni ya mkeka, kwa swali lisilo na haja. Ule uwanja haukuwa na mkeka.

Jua likapanda. Foleni ikaisha mmoja mmoja. Mwalimu mkuu akafunga chupa ya wino, akanyoosha mgongo, miwani yake ameiweka mezani anajifuta jasho usoni. Akautazama uwanja kwa macho yaliyofifia, akauliza kwa sauti ya kuchoka, kama mtu yeyote anavyouliza mwisho wa kazi:

"Haya. Nani bado?"

Zena akainuka. Hakuna aliyemgusa, naapa. Akapita katikati yetu, akapanda zile ngazi mbili, akakiweka kikombe chake cha bati, ko! juu ya daftari la serikali.

"Bado mimi!"

Mkono wangu ulishakwenda mbele. Mdomo ulishafunguka. Nikajishika. Nikaanza kuhesabu: dole gumba la kulia, la pili, la tatu. Mama Zena alitaka kunong'ona, nikamkanyaga. La nne, la tano. Mwalimu mkuu, bila miwani, akainama kumtafuta huyo aliyesema, na kwa sababu alikuwa haoni na alitaka kujua kweli, akauliza:

"Mimi nani?"

La sita. La saba. La nane.

"Zena," akasema mtoto. Kisha akaongeza, maana kikombe kilikuwa bado kitupu na mzee haonyeshi dalili ya kumimina: "Zena Hamisi."

Mwalimu mkuu akavaa miwani. Akamtazama, akakitazama kikombe, akanitazama mimi. "Mwalimu," akasema, "huyu mtoto anataka shule au anataka uji?"

Nikamwambia, "Sijui, Mwalimu. Lakini umemwuliza na amekujibu."

Akacheka mpaka tumbo likasogeza meza. Akafungua tena wino. Akaandika jina mstari wa mwisho, na bado pana alama ya duara pale kikombe kilipokaa. Mama Zena alipiga kigelegele kilichowatoa walimu madarasani. Fundi Hamisi alimbeba mwanawe mabegani. Na Shangazi Maua akaitoa khanga kapuni, akamrudishia mama mtu, akasema, "Mnashangilia, na mtoto ameomba uji. Huo uji wenyewe uko wapi?" Tukaenda wote Kanyenye, kwa Mama Nyamizi, tukamweleza. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, akachochea kuni, akasema, "Leteni vikombe."

Shule haikuwa rahisi, msidhani. Alirudia darasa, alipigwa, alikimbia, tulimrudisha. Hajawa msemaji mpaka leo. Lakini alilala kwao kila siku ya utoto wake, na Usoke alikwenda kwa likizo tu, Shangazi akimpelekea karanga mpaka kituoni.

Mama Nyamizi ametangulia mbele ya haki, na Fundi Hamisi pia. Zena ni mtu mzima, anakaa na mdogo wake nyumba ileile Kanyenye, anashona vifungo na vishimo vya vifungo kwa mkono, na hakuna fundi mjini anayemfikia. Ramadhani iliyopita nilimchukua Rehema, huyo mwenzenu wa kadi, twende tukafuturu kwao. Sikumwambia chochote. Nilimwambia tu aache begi nyumbani.

Adhana ikatoka, tende zikaliwa, uji ukaletwa. Mgawaji ni Zena. Anajua kila mtu, lakini macho yake nayo sasa yamechoka kwa sindano, na taa yao ni ndogo. Akazunguka na upawa, kikombe kwa kikombe. Akafika kwangu. Upawa ukasimama hewani.

"Nani bado?"

Rehema akafungua mdomo kunisemea. Nikampiga paja kwa mkono wa kushoto.

"Bado mimi," nikasema.

Zena akangoja. Hakuharakisha, uji unatoa mvuke.

"Mimi nani?"

Nilifungua mdomo, wajukuu zangu. Miaka yote ile ya kusema, na jina langu mwenyewe halitoki. Naye Zena hakunikumbusha wala hakunisaidia. Alinishikia upawa vilevile, mkono hautikisiki, mpaka nilipolipata.

"Siwema," nikasema.

Akanimiminia, mpaka juu.